Mama wa Supu

Mkewe Pascalia akishaondoka tu kwenda zamu yake kiwandani, hodi ilisikika mlangoni, na Musyoka akaitikia karibu kabla hajajiweka sawa kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mguu umeamkaje?"

Yule mama, ambaye Musyoka aliamini ametumwa na jumuiya ya kanisani kwa mkewe, hakuuliza habari za nyumba wala za mke. Kila siku aliuliza mguu.

Musyoka hakujali. Kwa hali aliyokuwa nayo hakuwa na nafasi ya kuchagua wageni. Ploti yao ya kupanga pale Mikindani ina choo kimoja cha wapangaji wote, kiko mwisho wa ua, na sakafu yake haikauki. Kwenda huko kwa magongo ilikuwa safari ya kumwomba Mungu. Kuoga ni kukalia kigoda, mguu wenye plasta umevishwa nailoni na kunyooshwa pembeni kama mzigo wa mtu mwingine. Chai aliweza kuipika, lakini kuibeba hakuweza, maana mikono yote miwili ilikuwa ya magongo. Aliinywa amesimama kando ya jiko, akijionea huruma.

Kilichomkosesha raha hasa ni lori. Tajiri wake alisema atamshikia kazi kwa muda, na muda wa matajiri wa malori unajulikana. Kijana mmoja, Maxwell, alikuwa ameshakalia kiti chake, anabeba makontena ya bandarini Kipevu. Musyoka alitaka kutembea, basi. Angekunywa hata sumu kama angeambiwa inaunga mfupa.

Yule mama hakuleta sumu. Alileta supu ya miguu ya ng'ombe, nzito, ya moto, ndani ya chupa ya chai. Aliketi mbele yake akimtazama mpaka kikombe kiishe. Hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu, "Maliza," na Musyoka, mwanamume mzima wa kuendesha magurudumu ishirini na mawili, akamaliza.

Siku moja yule mama alimuuliza, "Ulianguka wapi hasa?"

"Yadi, mama. Kipevu. Nilikuwa nashuka kwenye lori, nikateleza."

"Kipevu."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akamwongezea supu. Huko nje bodaboda ilipiga honi, na Musyoka akashtuka hata supu ikamwagikia shuka. Tangu aumie alikuwa hivyo. Mkewe alisema ni maumivu.

"Pole," alisema yule mama, akapangusa shuka kwa ncha ya leso yake. Hakuuliza kilichomshtua.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba, una magamba, unanuka, na Musyoka akauonea haya. Yule mama hakuona kinyaa. Aliupaka mafuta ya nazi, akaukanda kidole kwa kidole. Alipofika pale palipovunjika, mkono wake ulisimama, ukabonyeza. Musyoka alitaka kusema anaumia. Alipomwangalia usoni akanyamaza.

"Umeunga," alisema yule mama. Mtu asingejua kama amefurahi.

Kutoka hapo akawa anamtembeza. Kwanza mpaka mlangoni, kisha uani, kisha kwa gongo moja tu.

"Lazima niishukuru jumuiya yenu," Musyoka alimwambia mkewe jioni moja. "Yule mama waliyemtuma ni malaika."

Pascalia akaacha kukata sukuma wiki. "Jumuiya ipi, Baba Kyalo? Wao walikuja ile Jumapili moja, wakasali, wakaenda zao. Si yule ni mama wa mtu wa kazini kwenu?"

"Nani alikwambia?"

"Mwenyewe. Siku ile nilipokutana naye mlangoni nilimuuliza, akasema amekuja kwa sababu ya lori. Nikajua ni watu wako."

Pascalia alicheka kidogo jinsi walivyompokea mtu bila kumjua. Musyoka alicheka pia, lakini usiku ule ugali aliuacha nusu. Aliogopa, na hakutaka mkewe amuulize anaogopa nini.

Asubuhi yake yule mama alikuja bila chupa.

"Leo tembea nikuone," alisema.

Musyoka alitembea ua mzima, kwenda na kurudi, magongo yote mawili yamebaki ndani. Ploti ilikuwa kimya. Watu wote walikuwa kazini.

"Kimbia kidogo."

Akakimbia. Mguu ukashika! Furaha ikampanda ghafla, hofu ya jana ikamtoka, akacheka kwa sauti.

"Mama, mimi huyo narudi barabarani! Na wewe hata jina lako sijakuuliza. Wewe ni mama wa nani?"

"Wa Dishon. Alikuwa anaendesha bodaboda, barabara kuu, upande wa Miritini."

Musyoka akarudi nyuma hatua moja.

"Hakufa palepale," alisema mama. "Alizungumza. Alisema dereva wa lori aliruka chini, akaumia mguu, akamtazama alivyolala. Dishon alimwita. Dereva akapanda lori lake akichechemea, akaondoka. Sikupata taabu ya kutafuta, mwanangu. Madereva waliovunjika mguu wiki ile hawakuwa wengi."

Lango la ploti likafunguka. Wakaingia vijana watatu, wakalifunga nyuma yao kwa komeo.

"Hawa ndugu zake walitaka kuja siku ile ile niliyokupata," alisema mama, akikaza leso kiunoni. "Nikawakataza. Huyu hawezi kukimbia, nikawaambia, na mimi nataka akimbie."