Mlonge na Kopo la Sabra

Nuru alimfunga baba yake kitambaa machoni, akamketisha mkekani barazani, akaunyoosha mguu wake wa kushoto.

"Unanichinja?" mzee Sudi akauliza.

"Tulia, baba. Nikikugusa, sema 'hapo'. Nisipokugusa, kaa kimya."

Habari za kitambaa alizipata kwa mwalimu wa baiolojia wa darasa la jioni: mgonjwa akiuona mkono, atasema amehisi hata kama hajahisi.

Sukari ilikuwa imeutia mguu huo ganzi. Wakati wa kuchoma korosho mzee alikanyaga ganda lenye moto, akaendelea kutembea mpaka harufu ikamshtua. Kidonda hakikufunga. Daktari wa mjini alimpa dawa, akamwambia wazi: arudi baada ya wiki mbili, na kama mguu bado umekufa ganzi hivi, atalazwa waone cha kufanya. Mzee aliitikia vizuri, lakini njia nzima ya kurudi kijijini kwao Ziwani alikuwa akiupapasa mguu wake. Jirani yao Jafari alilazwa na miguu miwili, akarudi na mmoja na gongo.

Ndipo zikaingia dawa lishe. Kwanza mlonge. Nuru aliuchuma mwenyewe, akaukausha kivulini, akautwanga, akawa anamnyunyizia kwenye mboga. Jioni akimgusa mguu, mzee kimya kama gogo.

Kisha Sabra, dada yake Nuru, akaja kutoka mjini na kopo la unga mwekundu wa bitiruti, lenye picha ya moyo.

"Huu ndio unaopeleka damu mpaka kwenye kucha," Sabra alisema. "Majani yako hayo wape mbuzi."

Siku hiyo hiyo alileta na bangili za marehemu mama yao, zile za fedha, ambazo mama akikuna nazi zilisikika mpaka nyumba ya pili. Nuru akazivaa, na hakuzivua tena.

Na kopo likafanya kazi. Jioni ile ile mzee alisema "hapo" kwa mara ya kwanza. Kesho yake hakukosa hata mara moja. Nuru alilia huku akicheka. Mlonge wake ulikuwa umeshindwa, na wala hakujali.

"Sasa hospitali tunaendea nini?" mzee akasema chini ya kitambaa. "Kumwonesha daktari mguu mzima? Si atatuona wendawazimu?"

"Leo ukipatia yote, nampigia Sabra kesho asije kutuchukua."

"Piga tu."

"Sijaanza, baba! Una haraka kama mtu anayetoroka."

Mzee hakucheka.

Nuru akamgusa kisigino.

"Hapo."

Unyayo.

"Hapo."

Akagusa pembeni ya kidonda.

"Hapo. Taratibu basi, mwanangu, unaniumiza."

Nuru akatabasamu. Maumivu! Hata daktari angefurahi kuyasikia. Akaisogeza simu karibu na goti lake.

"Siku hizi umekuwa mama yako mtupu," mzee akasema. "Ukija, najua ni wewe hata hujafika mlangoni."

"Unanichelewesha. Kimebaki kidole gumba tu."

"Haya, mwalimu. Malizia."

Amina, mtoto wa Nuru aliyekuwa anaota meno, akaanza kulia pale mkekani. Nuru akampakata. Hakuwa na kitu karibu cha kumpa atafune, kwa hiyo akavua bangili zote mbili akampa. Amina akanyamaza. Akazigeuza, akazilamba, kisha akazitikisa.

"Hapo," akasema mzee Sudi.

Nuru akaitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

Amina akacheka, akazitikisa tena kwa nguvu.

"Hapo! Mpigie dada yako, mwanangu. Hapo tena!"