Bundi wa Bi Mwanapili

Bi Mwanapili alipewa bundi, na hapakuwa na pa kukata rufaa. Kila mtu mzima alichorwa kifuani nembo ya mpiganaji mmoja wa katuni za ngumi za Kijapani. Mashine ya serikali ilichagua kwa kupima tabia, na nembo iliwaka ngozini mpaka ikapenya nguo. Alielezwa kwamba mpiganaji mwenye bundi hukesha akiwalinda waliolala. Kwa Wajapani, bundi ni heri.

Lakini Tanga si Japani. Mkaza mwanawe alipojifungua, Bi Mwanapili alijifunga kanga mbili kifuani, akabeba uji wa pilipili manga na kwenda kumwona mjukuu. Bi Zuhura, mama wa mzazi, alimzuia mlangoni.

"Hapo hapo, mkwe! Uchuro wako usivuke kizingiti."

"Huyu ni mlinzi, mkwe. Waulize waliomchora."

"Mlinzi wa makaburi! Bundi akilia juu ya paa, watu huulizana nani anakufa. Nawe unataka kumpakata kichanga?"

Bi Mwanapili akamgeukia mwanawe, Shebe, aliyesimama ukumbini, chui wake akiwaka kifuani.

"Baba, sema naye."

"Mama, nenda nyumbani," Shebe alisema. "Kama mashine imekupa bundi, kuna kitu imekiona."

Bi Mwanapili akaenda zake. Mtoto sasa anatambaa, na bibi yake hajampakata hata mara moja. Shebe haji tena kwa mama yake, hata sikukuu. Na mjukuu, ambaye kwa desturi angeitwa Mwanapili, anaitwa Zuhura.