Mapaja ya Shangazi

Siku hizo mafuta ya mwili hayakutupwa. Yaliyofyonzwa mapajani mwa shangazi yalipandikizwa mapajani mwa bi harusi. Kwa ajili ya harusi ya Salha, Shangazi Mwanakombo alijitolea bila kusitasita. Alirudi kutoka hospitali amebanwa mkanda, mapaja yamevilia damu, na bado alizunguka ua akiimba ili uvimbe upungue. Salha alikuwa hajaona mwanamke jasiri kama yule.

“Umejaa ukapendeza, mwanangu,” shangazi alimwambia Salha. Akaketi, akampakata mjukuu wake Nasra, aliyezoea kulala hapo kila mchana.

Nasra alijigeuzageuza, usingizi ukakataa. Akashuka, akapanda mapajani mwa Salha, akasinzia papo hapo.

Salha hakuthubutu kusogea. Mikono ya shangazi ilikuwa bado imepinda, imekumbatia hewa.