Ukuta Nyuma ya Mama

Zahid alitoka Kitale na taa za tyubu, kwa sababu taa yake kubwa ya kupigia video za harusi ilikuwa na joto na ingemuumiza mama macho. Alitaka kumrekodi akimsalimia mwanawe mwingine, kaka yake Zahid, aliyeko Jeddah.

Alipoziwasha, sebule nzima ikang'aa. Nyuma ya kichwa cha mama, lipu ilikuwa imebanduka na maji ya mvua yamechora michirizi ya kahawia hadi sakafuni. Kila mwezi alikuja Bungoma, akala chini ya balbu hafifu, asiuone ukuta huo.

Mama alimwona anavyoutazama. Akavuta leso mabegani.

“Si twende tu kwa jirani, mwanangu? Kwake kumepakwa rangi.”

Zahid alikuwa amefungua mdomo kusema hivyo hivyo. Akaufunga, akainamia nyaya asimtazame.