Kura Juu ya Nyumba ya Bi Tausi

Mji mzima ulipopiga kura kuamua kama nyumba ya Bi Tausi ivunjwe ili barabara ipite, mwenyewe hakwenda. Kesho yake afisa wa baraza alifika na wavunjaji wenye nyundo.

"Mama, walio wengi wameamua. Si ungekuja nawe ukasema hapana?"

"Ningekuja, ningekuwa nimekubali kwamba nyumba yangu ni kitu cha kuulizana," alijibu Tausi. "Nani aliwapa haki hiyo?"

Afisa aliwaashiria watu wake waanze na paa.

Jirani ya Tausi, Mishi, aliyeleleana naye watoto tangu ujanani, alikuja mbio kumsaidia kutoa vyombo. Walipokishika kitanda kizito cha mbao za mninga, huyu huku na yule kule, Tausi aliona wino kwenye kidole cha mwenzake.

"Mishi, uliwaambia nini?"

"Kura ni siri, dada," alisema Mishi.

Tausi alitaka kukiachia kitanda, lakini peke yake asingekiweza. Wakatoka nacho mlangoni wakitazamana, vumbi la paa likiwamwagikia wote wawili, na hakuna aliyeinamisha macho.