Barua Iliyokataa Kutoka Koboko

"Hakuna fundi ingine Arua?" Sulaimani aliuliza, kabla hata Driciru hajashuka kwenye pikipiki.

Driciru alijikung'uta vumbi, akamtazama mzee kama mtu anayetazama sufuria iliyooshwa vibaya. Alitaka fundi mwanamume, basi! Mjinga hajibiwi, hufanyiwa kazi akaona.

Wiki tatu nzima ofisi ya Koboko, iliyogawia wakimbizi mbegu, haikuwa imetuma barua pepe. Simu hakuna, barua zilipita kwenye redio iliyounganishwa na kompyuta. Kila asubuhi Sulaimani aliwaita Arua kwa redio hiyohiyo, akilia kwamba sauti inapita lakini barua zimegoma. Mwishowe mkubwa wa Arua akamwambia Driciru, "Usirudi mpaka barua ya yule mzee ifike makao makuu Kampala."

Yule mzee! Miaka kumi ofisini, bado anagonga herufi kwa kidole kimoja. Hata wenzake walipomchagua mwenyekiti wa wafanyakazi wa ofisi zote mbili, Driciru aliona wamezihurumia mvi zake tu.

"Kunywa chai kwanza, binti."

"Sikuja kunywa chai."

"Hii mashine, mvua ndiyo inasumbua."

"Mvua gani Januari, mzee?"

Sulaimani alisimama mlangoni, akikuna shingo. "Rudi tu Arua. Sema imekushinda. Hakuna mutu atakulaumu."

"Imekushinda wewe," Driciru alisema, "si mimi."

Alipiga magoti nyuma ya meza. Haikuchukua hata dakika. Waya mdogo kati ya kompyuta na redio ulikuwa umechomolewa, unaning'inia. Driciru alicheka kwa sauti, bila aibu. Maili thelathini na zaidi za vumbi, kwa ajili ya mtu asiyejua kuangalia nyuma ya meza!

"Mzee, hata mbuzi angeona hii."

Akauchomeka. Kwenye kompyuta kulikuwa na barua moja inayosubiri. Hakuisoma, za wakubwa hazikumhusu. Alibonyeza, redio ikakoroma, na mstari wa kutuma kwenye skrini ukaanza kujaa polepole.

"Ngoja kwanza!" Sulaimani alisema.

"Ningoje nini? Ujifunze kuchomeka?"

Mstari ukajaa. Imekwenda.

Sulaimani aliketi kwenye gunia la mbegu, akavua kofia.

"Mimi nilikuwa signal, mutu wa redio jeshini, miaka kumi na mbili," alisema. "Waya hiyo nilitoa mimi mwenyewe, wiki tatu sasa."

"Kwa nini?"

Sulaimani alinyoosha mkono, akamgeuzia kompyuta.

*Kwa makao makuu. Kama mlivyoniamuru, mimi mwenyekiti wa wafanyakazi nakubali wanne hawa waachishwe kazi barua hii ikifika. 1. Draku, dereva. 2. Poni, mpishi. 3. Asiku, mlinzi. 4. Driciru, fundi.*