Swali la Balagha

"Swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu," mwalimu wa fasihi aliwaambia wanafunzi wake. "Nani ana mfano?"

Mmoja akadakia, "Kwani mimi nimezaliwa jana?" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka.

Ndipo akasimama msichana wa dawati la nyuma, yule ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya kwa sababu muhula mzima hakuwahi kufungua kinywa.

"Nikisema ninayofanyiwa nyumbani, nani ataniamini?"

"Vizuri sana," mwalimu alisema kwa mazoea, akaanza kuliandika ubaoni. Alipofika kwenye neno "nyumbani", chaki ikamkatikia mkononi.

Akageuka. Wanafunzi walikuwa wameinama, wananakili. Kimya bado alikuwa wima, ameshika ukingo wa dawati kwa nguvu hadi kucha zimepauka.

Mwalimu akachanganyikiwa. Ulikuwa mfano tu, au? Akimuuliza mbele ya wenzake, si atamwaibisha? Na akinyamaza je?

"Huo ni mfano, mwanangu?" aliuliza.

"Si umesema halihitaji jibu, Mwalimu?" Kimya alijibu kwa sauti ndogo, akaanza kuketi.

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Mwalimu alijikuta anapita katikati ya madawati, vumbi jeupe limemjaa vidoleni, hajui atasema nini akifika.

Alipofika, Kimya hakumtazama.

"Usikae kwanza," mwalimu alimwambia. "Chukua begi lako twende nje. Mimi nitakuamini."